Bunia: Herufi moja inayowagonganisha wapenzi wa sataranji

BUNIA, Ituri – Mchezo wa sataranji uliochezwa mjini Paris mwaka 1858 unaweza kumpoteza msomaji wa Bunia kwenye hatua yake ya 12. Sababu ni herufi moja: R.

Kwa aliyejifunza sataranji kwa Kifaransa, kama ilivyo kawaida Ituri na sehemu nyingine za RDC, R ni roi, mfalme. Kwa aliyejifunza kwa Kiingereza, ng'ambo ya Ziwa Albert nchini Uganda, R ni mnara, kile kipande kinachokaa kwenye pembe ya ubao, ambacho Wafaransa wanakiita tour na kukiandika T. Watu wawili wanaweza kukaa na karatasi moja, mmoja akasogeza mfalme na mwingine akasogeza mnara, na kila mmoja akaamini amesoma sawasawa.

Katika michezo mingi kosa hilo linajifichua haraka, kwa kuwa mfalme anatembea mraba mmoja tu na mara nyingi hawezi kufika pale herufi inapomtuma. Lakini katika mchezo huu wa Paris ubao unakubali. Mfalme mweusi anaweza kweli kwenda d8, na mnara mweusi pia unaweza kwenda d8. Msomaji anaendelea bila wasiwasi, mpaka hatua inayofuata inapomwambia mfalme mweupe aruke kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine, jambo ambalo hakuna mfalme aliyewahi kuruhusiwa.

Anayejisomea peke yake hukasirika hapo na kufunga kaye. Wanaosoma wakiwa watatu au wanne huanza kubishana, na mara nyingi ubishi huo ndio unaowaonyesha kosa liko wapi.

Dame ni nyingi, sataranji ni chache

Mchezo wa ubao unaoonekana zaidi katika miji ya Kongo ni dame. Unachezwa kwenye parking za motari, mbele ya maduka, chini ya miembe, kwa vifuniko vya chupa: vya upande huu vimelala, vya upande ule vimepinduliwa. Hauhitaji gharama. Sataranji inataka vipande 32 vya aina sita, na askari mmoja akipotea mchezo unakwama mpaka mtu alete kokoto au kizibo cha kalamu.

Kwa sababu hiyo wapenzi wake ni wachache, na wanakutana na ukuta uleule. Mtu anajifunza kwa rafiki, shuleni au kwenye simu, anawashinda majirani zake, kisha haendi mbele tena. Anajua makosa ya watu watano anaocheza nao kila siku, nao wanajua yake. Kuupita ukuta huo kuna njia moja ya zamani: kuchukua michezo ya watu waliocheza vizuri zaidi, kuirudia hatua kwa hatua, na kuuliza kwa nini kipande hiki kilikwenda hapa na si pale.

Inawezekana kwa sababu sataranji imeandikwa. Ubao una miraba 64. Safu zake zinaitwa kwa herufi, kutoka a hadi h, na mistari yake inahesabiwa 1 hadi 8. Kila mraba una jina lake, kama nyumba yenye namba kwenye barabara. Ukiandika herufi ya kipande na jina la mraba, umeandika hatua. Mchezo mzima unaenea kwenye ukurasa mmoja wa kaye ya mwanafunzi.

Shida ni hiyo herufi ya kipande. Vitabu vya Kifaransa vinaandika R kwa mfalme, D kwa malkia, T kwa mnara, C kwa farasi na F kwa fu, kile kipande kinachokwenda mshazari. Kiingereza kinaandika K, Q, R, N na B. Herufi pekee iliyopo pande zote mbili ni R, nayo haimaanishi kitu kimoja. Fu mwenyewe ana kisa chake: Wafaransa wamempa jina la mwendawazimu, Waingereza wanamwita askofu. Anayevuka kutoka lugha moja kwenda nyingine anamkuta mwendawazimu amepewa uaskofu.

Mpaka huo wa lugha unaweza kupita ndani ya familia moja. Vita vya mwaka 2003 mjini Bunia, na machafuko yaliyoanza upya Djugu mwishoni mwa 2017, viliwavusha watu wengi wa Ituri hadi Uganda, wengine kwa mitumbwi kupitia Ziwa Albert, na wengi walifikia Kyangwali. Watoto waliosoma huko walisoma kwa Kiingereza. Ndugu zao waliobaki walisoma kwa Kifaransa. Wakikutana tena mbele ya ubao mmoja, kila mmoja ana R yake.

Na simu haikusaidia. Mafaili ya michezo yanayopatikana kwenye intaneti yameandikwa kwa mfumo uitwao PGN, uliowekwa mwaka 1993, ambao kanuni yake inatumia herufi za Kiingereza. Kwa hiyo kijana wa Bunia aliyejifunza kwa kitabu cha Kifaransa anapopakua mchezo wa zamani, hata kama ulichezwa Paris na Wafaransa, unamfikia ukiwa umevaa Kiingereza.

Jioni moja kwenye opera

Mchezo huo wa Paris unafaa kusomwa wa kwanza, na watu wengi duniani wameanza nao. Una hatua 17 tu. Aliyecheza na vipande vyeupe ni Paul Morphy, kijana wa miaka 21 kutoka New Orleans, Marekani, aliyekuwa akiwashinda mabingwa wa Ulaya mmoja baada ya mwingine. Upande wa weusi walikuwa watu wawili: mtawala wa Ujerumani aliyekuwa amepoteza kiti chake, Duke Karl wa Brunswick, na mwenzake Count Isouard. Walicheza ndani ya chumba cha Duke kwenye jumba la opera, waimbaji wakiwa jukwaani. Wawili hao waliruhusiwa kushauriana kila hatua. Mchezo wenyewe ulizaliwa katika mazungumzo.

Wachambuzi wengi wanaanza kunyoosha kidole kwenye hatua ya 3. Weusi wanamtoa fu hadi g4 ili kumfunga farasi mweupe: akiondoka, malkia wake aliye nyuma ataliwa. Inaonekana ni hatua ya ukali. Lakini Morphy anakula askari wa e5, na ghafla weusi hawana nafasi. Wakilipiza kwa kula askari huyo, malkia wote wawili wanatoka ubaoni, farasi aliyekuwa amefungwa anafunguka na kula askari mwingine bure. Inabidi fu amle farasi, malkia mweupe anamla fu, na hivyo amefika katikati ya vita bila kutumia hatua ya ziada.

Hatua ya 7, malkia mweupe anakwenda b3. Anatazama sehemu mbili kwa wakati mmoja: f7, karibu na mfalme mweusi, na b7. Duke na Count wanajibu kwa kumweka malkia wao e7. Anakinga f7, ndiyo, lakini amesimama mlangoni pa fu wake mwenyewe. Fu huyo hatatoka nyumbani tena mpaka mchezo unakwisha, na mnara ulio pembeni yake pia.

Kisha inakuja hatua ya 8, na hapo kundi lolote linalosoma mchezo huu linagawanyika.

Weupe wana njia tatu. Ya kwanza ni ya mfanyabiashara: kula askari wa b7. Weusi watajibu kwa malkia kwenda b4 akimtisha mfalme, malkia watabadilishana, na weupe watabaki na askari mmoja zaidi, barabara ndefu na tulivu kuelekea ushindi. Ya pili ni ya mwenye haraka: fu anakula f7 na kumtisha mfalme, malkia mweusi anamla, malkia mweupe anakula b7, na mnara wa weusi hauna pa kukimbilia. Weupe wanapata mnara, lakini malkia wao anaishia kwenye pembe ya mbali wakati vipande vyao vingine bado vimelala. Ya tatu ndiyo aliyoichagua Morphy: hakula kitu. Alimtoa farasi wake wa pili hadi c3.

Vitabu vya zamani vilisifu uamuzi huo kana kwamba njia nyingine mbili zilikuwa za wajinga. Hilo halina ukweli. Njia zote tatu zinawapa weupe faida, na mtu anayetaka kushinda bila kutoka jasho ana haki ya kumla askari wa b7. Kinachozungumzwa hapo ni kitu kingine: Morphy alihesabu kwamba wapinzani wake wana vipande vingi ambavyo havijaamka, na kwamba kila hatua anayotumia kukusanya mali inawapa wao hatua moja ya kuamka. Aliona muda wake una thamani kuliko askari. Mwalimu akiwafunika wanafunzi hatua hiyo kwa karatasi na kuwaambia kila mmoja achague kabla hajaifunua, atapata majibu matatu na sababu tatu. Kikao kikiishia hapo tu, bila kufika mwisho wa mchezo, bado kitakuwa hakikupoteza wakati.

Baada ya hapo mambo yanakwenda mbio. Hatua ya 9 weusi wanamsukuma askari hadi b5 ili kumfukuza fu mweupe. Morphy anatoa farasi wake kwa askari wawili, na fu anasimama b5 akimtisha mfalme. Weusi wanaweka farasi katikati, kwenye d7. Morphy anafanya hatua ile ya kumhamisha mfalme pamoja na mnara kwa mara moja, na mnara unajikuta umeelekea kwenye farasi huyo huyo.

Hatua ya 12 ya weusi, kwenye karatasi ya Kiingereza, imeandikwa Rd8. Ni mnara kutoka a8, unakuja kumsaidia farasi. Anayesoma kwa Kifaransa anamchukua mfalme kutoka e8, anamweka d8, na kwa kuwa hakuna kipande cheupe kinachotishia mraba huo, haoni kosa. Halafu anasoma hatua ya 13 ya weupe, Rxd7, na kumtafuta mfalme mweupe. Yuko c1. Kutoka c1 hadi d7 ni mbali.

Kifaransa nacho kina mtego wake, na uko kwenye mchezo huohuo. Hatua ya 10 inaandikwa Cxb5 cxb5. C kubwa ni farasi mweupe, c ndogo ni askari mweusi wa safu ya c. Kwa chapa ya kitabu tofauti inaonekana. Kwa biki, kwenye kaye, usiku, taa ikiwa dhaifu, C na c za watu wengi zinafanana. Anayeandika michezo kwa mkono afadhali azoee kuzidisha ukubwa wa herufi ya kipande.

Mwisho wa mchezo unawashangaza hata wanaoujua kwa moyo. Morphy anatoa mnara, kisha hatua ya 16 anamtoa malkia wake mwenyewe kwenye b8. Farasi mweusi analazimika kumla. Mnara wa mwisho unaingia d8 ukilindwa na fu aliye g5, na mfalme mweusi hana pa kwenda. Ukiondoa mfalme na askari, weupe wamebaki na vipande viwili tu ubaoni, na hivyo hivyo viwili vimetosha.

Karatasi mbili, sahihi mbili

Kwenye mashindano rasmi, kila mchezaji anaandika hatua zote, zake na za mpinzani. Mchezo ukiisha, wote wawili wanatia sahihi kwenye karatasi zote mbili. Aliyeshindwa anathibitisha kwa mkono wake jinsi alivyoshindwa. Katika jimbo ambapo tukio moja la juzi linaweza kuwa na masimulizi mawili yasiyokutana, utaratibu huo unastahili kutazamwa mara mbili.

Desturi inayofuata haiko kwenye sheria, lakini wachezaji duniani kote wanaifuata: mshindi na mshindwa wanabaki mezani, wanarudisha vipande, na kutafuta pamoja mahali mambo yalipoharibika. Mara nyingi mshindi anagundua kwamba alikuwa karibu kupotea bila kujua.

Mfano wa kale zaidi unaopendwa ni wa London, mwaka 1851. Adolf Anderssen, Mjerumani, alimshinda Lionel Kieseritzky katika mchezo wa kujifurahisha, nje ya mashindano, akitoa minara yake yote miwili na malkia. Kieseritzky alikuwa na gazeti lake la sataranji mjini Paris, La Régence. Angeweza kunyamaza. Aliuchapisha mchezo huo mwaka uleule, na kwa sababu hiyo dunia inaujua leo.

Mwaka 1972 huko Reykjavik, Iceland, Bobby Fischer wa Marekani alianza kugombea ubingwa wa dunia dhidi ya Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti kwa kosa ambalo watu hawajaacha kulijadili. Katika mchezo wa kwanza, uliokuwa unaelekea sare, fu wake alikula askari wa h2 na kufungiwa humo. Alishindwa. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba hatua hiyo moja ilimuua. Wachambuzi wa baadaye wakaonyesha kwamba hata baada yake bado kulikuwa na njia ya sare, na kwamba kosa lililommaliza lilikuja mbele zaidi. Fischer aliuchukua ubingwa hata hivyo. Katika mchezo wa sita alicheza vizuri kiasi kwamba Spassky mwenyewe alijiunga na watazamaji kumpigia makofi.

Katwe iko karibu kuliko Kinshasa

Kwa wapenzi wa sataranji wa Bunia, mfano wa jirani hauko Ulaya. Uko Katwe, mtaa wa mabanda mjini Kampala, na Kampala iko karibu na Bunia kuliko Kinshasa. Robert Katende alianza mwaka 2004 kuwafundisha watoto wa huko, na waliokuja walipewa uji. Phiona Mutesi alifika akimfuata kaka yake, kwa ajili ya uji huo. Mwaka 2010 alikuwa Siberia, kwenye mji wa Khanty-Mansiysk, akiiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji. Mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya Istanbul, alipewa cheo na FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huo. Filamu ya Mira Nair iliyotoka mwaka 2016, akiwemo Lupita Nyong'o, iliipeleka habari yake kila mahali.

Wengi waliona filamu na kuishia hapo. Lakini michezo yake ya Olimpiadi imehifadhiwa hatua kwa hatua, aliyoshinda pamoja na aliyoshindwa, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuirudia. Kwa anayejifunza Bunia, michezo hiyo ina faida ambayo ya Morphy haina. Makosa yake ni makosa ya mtu aliyeanza kama yeye, kwenye ubao wa kuazima, na yanaeleweka.

Afrika ina hazina nyingine ya kusoma. Mwaka 2002 huko Bled, Slovenia, Robert Gwaze wa Zimbabwe alicheza michezo tisa kwenye ubao wa kwanza wa nchi yake na kushinda yote tisa. Amon Simutowe wa Zambia anatambuliwa kuwa wa kwanza kusini mwa Sahara kufikia cheo cha grand-maître. Timu ya RDC nayo imekwisha kucheza Olimpiadi. Majina ya akina Fischer yanajulikana hata na wasiojua kucheza; haya ya Afrika hayajulikani hata na wachezaji, na hilo si jambo la kujivunia.

Wacheza dame wana haki ya kucheka hapa. Dame ya kimataifa haitumii herufi kabisa: miraba inayochezewa ina namba, 1 hadi 50, na Mfaransa, Mrusi na Mswahili wanasoma karatasi moja bila mkalimani. Na bingwa wao mkubwa ni Mwafrika. Baba Sy wa Senegal alikuwa agombee ubingwa wa dunia na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1963, lakini pambano hilo halikufanyika. Alifariki mwaka 1978. Mwaka 1986 shirikisho la dunia la dame lilimtangaza kuwa bingwa wa mwaka 1963, akiwa kaburini tayari.

Mashine inapokata mazungumzo

Programu ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ni ya bure na haina matangazo. Ndani yake kuna mashine ya kuchambua, Stockfish, yenye nguvu kuliko bingwa yeyote aliye hai. Ukiishapakua programu, uchambuzi unaweza kufanyika hata bila intaneti, jambo la maana kwa mwenye unite za kuhesabu na betri isiyojua itachajiwa lini. Na ina mpangilio unaotatua tatizo la R: badala ya herufi inaweza kuonyesha picha ndogo ya kila kipande. Wengi hawajawahi kuufungua.

Hatari ya mashine ni kwamba inajibu upesi mno. Inatoa namba, haisemi sababu, na watu waliokuwa wakibishana kwa akili wananyamaza. Mwaka 1997 huko New York, Garry Kasparov alijisalimisha katika mchezo wa pili dhidi ya kompyuta ya Deep Blue. Kesho yake wachambuzi walimwonyesha kwamba kulikuwa na njia ya sare. Alikuwa ameamini kwamba mashine haiwezi kuacha mwanya, hivyo hakuutafuta. Miaka miwili baadaye, huyohuyo Kasparov alicheza kwenye intaneti dhidi ya watu zaidi ya 50,000 wa nchi zaidi ya 75, waliokuwa wakijadiliana na kupiga kura kila hatua. Mchezo ulichukua miezi minne na hatua 62. Alishinda, kwa shida.

Makundi yanayofanya kazi vizuri huiacha mashine kuwa ya mwisho kuzungumza: kwanza kila mtu aseme hatua yake na sababu, iandikwe, ndipo simu iwashwe.

Kuhusu herufi, sheria za FIDE zinamruhusu kila mchezaji kuandika vipande kwa majina ya nchi yake. Mswahili basi anaweza kuandika kwa Kiswahili. Ila atakuta mfalme, malkia na mnara vyote vinaanza na M, na farasi amechukua F ya fu. Kwa sasa wanaosoma pamoja Bunia hawana budi kukubaliana kabla ya kufungua karatasi: R ni nani leo? Au wachore vipande: msalaba kwa mfalme, taji kwa malkia, matofali kwa mnara.

Huu hapa mchezo wa Paris kwa herufi za Kifaransa, kwa atakayependa kuurudia na wenzake. Weupe ni Morphy:

1. e4 e5 2. Cf3 d6 3. d4 Fg4 4. dxe5 Fxf3 5. Dxf3 dxe5 6. Fc4 Cf6 7. Db3 De7 8. Cc3 c6 9. Fg5 b5 10. Cxb5 cxb5 11. Fxb5+ Cbd7 12. 0-0-0 Td8 13. Txd7 Txd7 14. Td1 De6 15. Fxd7+ Cxd7 16. Db8+ Cxb8 17. Td8 mati.

Swali la kuanzia, simu ikiwa imezimwa: hatua ya 15, kama weusi wangemla fu wa d7 kwa malkia badala ya farasi, Morphy angefanya nini?